Oliver Tambo na Mkutano wa Morogoro

Kiongozi anayeishi kati ya watu wake hupimwa kila siku. Hupimwa sokoni, msibani, kiwandani na katika mkutano wa tawi, na siku ya kura ikifika huambiwa kwa idadi ya karatasi kama bado anatakiwa au hatakiwi. Lakini kiongozi aliye uhamishoni hupimwa na nani? Waliomchagua wako mbali, wengine gerezani, wengine kaburini. Fedha za chama hupitia mikononi mwake, kwani wafadhili humjua yeye. Wafuasi wake wako kambini, nao wamefundishwa kutii. Mtu wa namna hiyo aweza kukaa katika kiti miaka 30 pasipo kuulizwa neno. Marehemu Oliver Reginald Tambo wa Afrika Kusini alikaa uhamishoni miaka 30, na swali hilo aliulizwa hapa Morogoro, mwaka 1969. Jinsi alivyolijibu ndiyo sababu ya sisi kuyasimulia maisha yake leo, miaka zaidi ya 30 tangu afariki dunia.

Tambo alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Nkantolo, wilaya ya Bizana, nchi ya Wapondo, upande wa mashariki wa Jimbo la Rasi. Wazazi wake walimpa jina la Kaizana, kwa kumkumbuka Kaisari wa Wajerumani aliyekuwa akipigana na Waingereza wakati ule. Maana Waingereza ndio walioitwaa nchi ya Wapondo mwaka 1894. Jina la Oliver alilipata alipoingia shule. Kwao palikuwa mahali pa wakulima na wafugaji, lakini kodi na upungufu wa ardhi viliwatoa wanaume majumbani, wakaenda kuchimba dhahabu na makaa ya mawe, au kukata miwa Natal. Jambo hilo halikuwa geni hata kwetu. Vijana wa Tanganyika, hasa wa nyanda za juu za kusini, waliandikwa kwa maelfu kwenda katika migodi ile ile, mpaka Serikali yetu ilipoukomesha uandikishaji huo baada ya Uhuru.

Kijana Tambo alisomeshwa na wamisionari, kwanza katika shule za kwao, kisha Johannesburg katika shule ya Mtakatifu Petro. Akaingia Chuo Kikuu cha Fort Hare, akapata shahada ya sayansi mwaka 1941. Mwaka uliofuata alifukuzwa chuoni pamoja na wenzake kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Akarudi Mtakatifu Petro kuwa mwalimu wa hesabu na sayansi. Alikuwa mtu wa sala na mwenye sauti ya upole, naye alikusudia kuwa padri wa Kianglikana. Lakini Desemba 1956, kabla hajaianza safari hiyo, alikamatwa pamoja na wenzake zaidi ya 150 kwa shitaka la uhaini. Mwezi huo huo alimwoa Adelaide Tshukudu, aliyekuwa muuguzi.

Wakati huo alikwisha kuwa mtu mkubwa katika African National Congress, yaani ANC. Mwaka 1944 yeye, Nelson Mandela, Walter Sisulu, Anton Lembede na vijana wengine waliunda Umoja wa Vijana wa chama hicho. Mwaka 1952 yeye na Mandela walifungua ofisi ya uwakili mjini Johannesburg, nao watu weusi walijaa hata kwenye ngazi, kwani kila siku sheria za makaburu zilizaa makosa mapya: kutembea bila pasi, kukaa mtaa usioruhusiwa, kulala chini ya paa usilopewa kibali. Humo Tambo aliona jinsi serikali inavyoweza kumfanya mtu kuwa mhamiaji haramu katika nchi aliyozaliwa. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais wa ANC, chini ya Chifu Albert Luthuli.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi waandamanaji katika mji wa Sharpeville, wakafa watu 69. ANC ilikuwa imekwisha kuamua kwamba, chama kikielekea kupigwa marufuku, Tambo atoke nje kukisemea. Siku chache baada ya mauaji yale alivuka mpaka kwa gari na kuingia Bechuanaland, nchi ambayo sasa ni Botswana, na kutoka huko akafika Tanganyika, ambayo bado ilikuwa chini ya Waingereza. Dar es Salaam alionana na Mwalimu Julius Nyerere wa TANU. Tarehe 8 Aprili ANC ikapigwa marufuku. Tambo hakuikanyaga tena ardhi ya kwao mpaka tarehe 13 Desemba 1990.

Mke na watoto wake walikaa London. Adelaide alifanya kazi ya uuguzi akawalea watoto watatu, huku mumewe akizunguka dunia kuomba fedha, silaha, nafasi za masomo na vikwazo dhidi ya makaburu. Juni 1964 Mandela, Sisulu na wenzao walihukumiwa kifungo cha maisha, na Julai 1967 Chifu Luthuli akafariki. Hivyo mzigo wote ukamwangukia Tambo kama Kaimu Rais.

Wakati huo makao ya ANC yalikuwa Morogoro. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeweka Kamati ya Ukombozi Dar es Salaam mwaka 1963, nayo Serikali yetu iliona vema vyama vya ukombozi viache maofisa wachache tu katika mji mkuu. ANC ikaja kukaa chini ya milima ya Uluguru. Askari wake walikuwa Kongwa. Ndugu zetu wa Kihonda, wanaoyaona magari ya Dodoma yakipita usiku na mchana, wajue kwamba barabara hiyo ndiyo waliyopita wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipokwenda na kurudi kati ya ofisi na kambi.

Kati ya ofisi na kambi ndipo lilipozuka tatizo. Mwaka 1967 na 1968 wapiganaji wa ANC, wakishirikiana na ZAPU, waliingia Rhodesia upande wa Wankie na Sipolilo, wakitafuta njia ya kufika kwao. Walipigana kishujaa, lakini hawakufika. Wengi walikufa au walifungwa. Kundi moja lililovuka na kuingia Botswana lilifungwa huko. Na lilipoachiliwa likarejea Zambia, hapakuwa na mkutano wa kusikiliza habari zao. Ndipo Chris Hani na wenzake sita wakaandika waraka mkali. Walisema viongozi wamekuwa watu wa safari na ofisi, wameisahau nchi walikotoka, wanapendeleana katika nafasi za masomo, na damu iliyomwagika haijatolewa hesabu.

Viongozi wengi walighadhibika. Hani na wenzake walisimamishwa uanachama, na walikuwapo waliotaka wapewe adhabu kali kabisa, kwa kuwa waraka wao ulionekana kuwa uasi katika jeshi. Tufikiri kidogo hali ya Tambo. Chama chake kilikuwa kimepigwa marufuku, adui alikuwa na majasusi kila mahali, na sheria ya vita ilikuwa mikononi mwake. Kama angaliwanyamazisha vijana wale, ni nani angalimlaumu? Sababu ya kufanya hivyo ilikuwa tayari, na jina lake ni umoja.

Tambo akachagua njia nyingine, akaitisha mkutano. Wanachama walio katika nchi mbalimbali waliombwa waandike maoni na malalamiko yao, na yale ya waraka yakawa mambo ya kuzungumzwa. Mkutano ulifanyika Morogoro tangu tarehe 25 Aprili hadi tarehe 1 Mei 1969, wajumbe wakiwa zaidi ya 70. Maneno yalikuwa makali, na uongozi wote ulilaumiwa. Tambo alijiuzulu ili wajumbe waamue wenyewe. Wakaamua kwa kauli moja kwamba aendelee.

Alirudi katika kiti, lakini kiti hakikuwa kile cha awali. Halmashauri Kuu ilipunguzwa kutoka wajumbe 23 hadi 9, na baadhi ya wakubwa wakapoteza nafasi zao. Mkutano ulipitisha mwongozo wa mapambano uliorudisha macho ya chama nyumbani, kwa wafanyakazi na wananchi wa Afrika Kusini wenyewe. Ulifungua uanachama wa nje kwa watu wa rangi zote, na ukaunda Baraza la Mapinduzi ambalo ndani yake waliingia Yusuf Dadoo, Joe Slovo na Reg September. Uamuzi huo haukupendwa na wote. Mwaka 1975 wanachama 8 wenye majina makubwa walifukuzwa kwa kuupinga. Hani na wenzake walirudishiwa uanachama wao baada ya mkutano. Yule aliyekaribia kuadhibiwa kama mwasi alikuja kuwa mnadhimu mkuu wa majeshi ya ANC, mmoja wa watu waliopendwa mno katika chama chake.

Makao ya ANC yalihamia Lusaka, lakini uhusiano na Morogoro haukukatika. Baada ya vijana wa Soweto kuuawa Juni 1976, maelfu ya wanafunzi walivuka mipaka. Tanzania ikatoa shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, jirani na Kihonda, ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Tambo ndiye aliyeifungua rasmi mwaka 1985. Baadaye ardhi nyingine ilitolewa Dakawa, mbele katika barabara ya Dodoma. Mwaka 1992 ANC iliyakabidhi majengo kwa Tanzania, na leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi ya wageni wetu yangali pale.

Maisha ya mtu mkubwa yasimuliwe yote. Katika kambi za Angola, mbali na macho ya wanachama, mambo hayakwenda kama yalivyokwenda Morogoro. Mwaka 1984 wapiganaji waliasi, na mojawapo ya madai yao lilikuwa uitishwe mkutano wa chama. Wengine walipigwa risasi, wengine walifungwa katika kambi ya Quatro wakateswa na wenzao. Tume za ANC yenyewe, mwaka 1992 na 1993, zilikiri mateso hayo, na Tume ya Ukweli na Upatanisho ikayathibitisha baadaye. Tambo alikuwa rais wakati huo, wala hatuwezi kumwondolea dhamana. Ni kweli kwamba aliunda tume ya uchunguzi, na kwamba Juni 1985 mkutano uliitishwa Kabwe, Zambia, ambako Halmashauri Kuu ilichaguliwa kwa kura na kanuni za maadili zikapitishwa. Lakini miaka 16 ilikuwa imepita tangu mkutano wa Morogoro, na katika miaka hiyo walinzi wa usalama walikwisha kuota mizizi. Hata Dakawa, mwaka 1989, wakazi walipowachagua katika kamati yao watu waliokuwa miongoni mwa walioasi, wakuu wa chama waliivunja kamati hiyo. Wakati huo Tambo alikuwa kitandani.

Maana Agosti 1989, baada ya kuzunguka nchi za mstari wa mbele kutafuta kauli moja juu ya mazungumzo na makaburu, kauli iliyopitishwa Harare mwezi huo huo, alipatwa na kiharusi. Alirudi kwao Desemba 1990 akiwa dhaifu. Julai 1991, katika mkutano wa Durban, alikabidhi urais kwa Mandela. Hakudai kipindi kingine, wala hakuwahesabia watu miaka yake ya taabu kama deni. Tarehe 10 Aprili 1993 Hani aliuawa kwa risasi. Tarehe 24 ya mwezi ule ule Tambo naye akafariki. Uchaguzi wa watu wote ulifanyika Aprili 1994, mwaka mmoja baada ya mazishi yao. Yule rais na yule kijana aliyemwandikia waraka, hakuna aliyepiga kura.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa Morogoro tuliwapa wageni hawa ardhi, maji na ulinzi, na twajisifu kwa haki. Walichotuachia ni zaidi ya majengo ya Mazimbu. Walituachia mfano wa kiongozi aliyekuwa na kila sababu ya kukwepa maswali, lakini akaketi siku 7 kuyasikiliza, na cheo chake kikiwa mezani. Wametuachia pia onyo: kwamba kiongozi huyo huyo, alipochelewa kuitisha mkutano, watu wake waliumia.

Basi, ndugu wanachama, na hasa ninyi wafanyakazi wa viwanda vya Kihonda mlio karibu na makaburi yale, tuitazame hali ya matawi yetu. Je, mikutano ya katiba hufanyika kwa wakati wake? Hesabu za fedha husomwa mbele ya waliozitoa? Mwanachama anayeleta malalamiko kwa maandishi hujibiwa, au huulizwa ametumwa na nani? Kiongozi wa tawi hayuko uhamishoni. Nyumba yake twaijua na mlango wake twaujua. Ikiwa Tambo aliweza kuulizwa akiwa mbali na kwao, akiwindwa na adui, hakuna mwenyekiti wala katibu wa hapa awezaye kusema kwamba wakati haujafika.