Mwalimu Alijua Kuacha Kazi

Mwaka jana fildi ilinikuta nyumbani kwetu Chiungutwa, Masasi, mwanzo wa msimu wa korosho. Nikapokelewa kwenye ghala moja, kazi yangu kuandika uzito wa magunia ya wakulima. Siku ya kwanza tu bosi aliniita pembeni. Akaniita dogo, akaniambia kila gunia niwe napunguza kilo mbili. Jioni nitapata mshiko wangu, na nikimaliza chuo nafasi yangu ipo. Kijijini tunawalaani wanunuzi wa kangomba kila mwaka. Mimi, mtoto wa mkulima, niliandika siku tatu.

Usiku wa tatu sikulala. Sebuleni kwa mzee kuna picha ya Mwalimu Nyerere, ipo tangu sijazaliwa. Nimeizoea kama kalenda. Usiku ule niliiangalia nikajiuliza huyu mtu alipitaje penye mitego kama hii. Niliporudi chuoni nikaingia maktaba kumtafuta.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, kisha Makerere, akatoka na stashahada ya ualimu mwaka 1945. Kwa msomi wa enzi zile, ulaji ulikuwa serikalini. Yeye akaenda kufundisha shule ya wamisheni, Mtakatifu Maria, palepale Tabora. Mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh, akarudi 1952 na shahada yake, akaajiriwa ualimu Pugu.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 akaenda New York kuisemea Tanganyika kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi akatakiwa achague: ualimu au siasa. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Akaacha kazi, akarudi Butiama. Mwaka 1957 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya miezi michache akaona amepewa kiti lakini mambo hayasogei, akajiuzulu. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akaacha hata uwaziri mkuu akaenda kujenga chama.

Lakini lililonishika zaidi linatuhusu sisi wanachuo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wenzetu wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana na majoho yao hadi Ikulu. Walikuwa wanapinga Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Walimwambia kwamba viongozi nao wanakula vinono. Mwalimu alikasirika, akafukuza wanafunzi zaidi ya 300. Hapo hapo, mbele yao, akakubali kuwa kwenye mishahara wamesema kweli, akakata wa kwake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushee baadaye likaja Azimio la Arusha: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba.

Simwandiki kama malaika. Waliofukuzwa waliumia, ingawa wengi walirudishwa baadaye. Na kwetu kusini, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Nchi iliyovuna tani zaidi ya 140,000 msimu wa 1973/74 ikashuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu hazikuwa moja, ila hiyo ilikuwemo. Wazee wa Chiungutwa wanalijua hilo, na picha bado hawajaitoa ukutani. Alikosea, lakini hakukosea kwa sababu kuna mtu alimlipa.

Aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao. Nikiyapanga maisha yake naona kitu kimoja: hakuwahi kuwa na kazi ambayo hawezi kuiacha. Mtu asiyeweza kuacha kazi yake atasaini chochote atakacholetewa.

Siku ya nne nilimwambia bosi sipunguzi tena. Nilihamishiwa kufagia, ripoti yangu ya fildi ikaja na alama za kuunga unga, na ile nafasi sikuisikia tena. Nilidhani mzee atanisifu. Aliniuliza kitu kimoja tu: zile siku tatu, yalikuwa magunia mangapi?

Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale sebuleni. Yalikuwa 214, sawa na kilo 428 za watu ninaowaamkia shikamoo kila asubuhi. Hela ya jioni zile tatu ninayo bado, sijaigusa hata bumu lilipochelewa, na sijajua nianzie mlango wa nani kuirudisha. Mwenzangu unayekwenda fildi mwaka huu, amua kabla hujashika kalamu.