Pierre Curie na Jiwe Litoalo Umeme

Jina la Curie likitajwa, wengi humkumbuka Bibi Marie na rediamu. Mimi napenda kuwasimulia habari za mumewe, Pierre, hasa kazi aliyoifanya kabla ya kumwoa, maana naona ndiyo iliyoingia majumbani mwetu.

Pierre alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei, 1859. Utotoni hakupelekwa shule. Baba yake, aliyekuwa daktari, aliona kuwa akili ya mtoto huyu haikupenda kuharakishwa, akamfundisha nyumbani. (Wenzangu msikimbilie kuomba ruhusa ya kukaa nyumbani: alipofika miaka 18 alikuwa amekwisha pata shahada ya sayansi!)

Mwaka 1880 yeye na kaka yake Jacques walikata vipande vya mawe kama kwatsi, ling'aalo mithili ya kioo, wakavibana. Lo! Umeme kidogo ukatokea juu yake. Ndani ya kwatsi chembe zenye umeme chanya na hasi zimepangwa kwa taratibu maalum. Jiwe likibanwa mpango huo hupotoka, na umeme hujitokeza, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake pia: jiwe likitiwa umeme hubadili umbo kidogo mno. Basi kikapatikana kitu kisicho na uhai, kisikiacho mkazo na kuujibu. Wahandisi wa leo huviita vitu vya namna hiyo maada erevu.

Faida haikuonekana upesi. Kwanza iliwafaa wenyewe, kwani kwa chombo cha kwatsi walichokiunda ndugu hao, Marie alipima miale ya urani, na mwaka 1898 yeye na Pierre wakavumbua rediamu. Mwaka 1903 walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini tarehe 19 Aprili, 1906, siku ya mvua, Pierre alikanyagwa na gari la farasi akivuka njia mjini Paris, akafa. Alikuwa na miaka 46 tu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wake, alitumia kwatsi kupeleka sauti chini ya maji na kupokea mwangwi wake kutoka kwa nyambizi. Saa nyingi za mkononi zina kipande cha kwatsi kitetemekacho mara 32,768 kila sekunde. Na viko viwashio vya jiko la gesi visivyo na betri: ukibonyeza, ule mlio wa "ta!" ni kinyundo kikigonga kauri yenye tabia ileile, na cheche ikaruka.