Jadwiga, Msichana Aliyetawazwa Mfalme

Mwezi huu tumtazame mwanamke aliyetawala Polandi zaidi ya miaka 600 iliyopita, akafa angali kijana wa miaka kama 25.

Jadwiga alizaliwa Buda, Hungaria, yapata mwaka 1374. Baba yake, Louis, alikuwa mfalme wa Hungaria na wa Polandi pia, lakini hakuwa na mwana wa kiume. Mwaka 1374, mjini Košice, alipatana na wakuu wa Polandi: wao wamkubali mmoja wa binti zake, naye awapunguzie kodi ya ardhi. Hivyo nafasi ya binti kutawala ilinunuliwa wakati Jadwiga yu mchanga bado.

Louis alifariki mwaka 1382. Tarehe 16 Oktoba 1384 Jadwiga alitawazwa mjini Kraków, mtoto wa miaka kama 10. Alitawazwa kwa cheo cha mfalme, maana hakuwa mke wa mtawala; yeye mwenyewe ndiye mtawala. Lakini cheo si uwezo.

Tangu utotoni alikuwa ameposwa na William wa Austria. Wakuu walimkataa kijana huyo, wakamchagua Jogaila, mtawala wa Lithuania, mwenye umri wa Jadwiga mara mbili au zaidi, naye hakuwa Mkristo. Jogaila aliahidi kubatizwa pamoja na watu wake, na kuiunganisha nchi yake na Polandi. Mwanahistoria Jan Długosz, aliyezaliwa mwaka 1415, asimulia kwamba msichana yule alitaka shoka avunje mlango wa ngome amfuate William. Iwe ilikuwa hivyo au sivyo, mwishowe alikubali. Jogaila alibatizwa Februari 1386, akaitwa Władysław, na siku chache baadaye wakafunga ndoa. Mwaka 1387 Walithuania wakaanza kubatizwa.

Tusilipite jambo hili upesi. Kanisa lilipata taifa zima, lakini aliyelipa ni mtoto wa miaka 12, na walioamua ni wanaume wazima. Kushukuru kwa mavuno hayo hakutupi ruhusa ya kuwaoza binti zetu wadogo.

Hata hivyo Jadwiga hakukubali kuwa pambo la kiti cha enzi. Mwaka huo huo wa 1387, mumewe akiwa Lithuania, aliongoza jeshi hadi Ruthenia, na mji wa Lviv ukarudi chini ya Polandi karibu bila kumwaga damu. Mwaka 1397 alikutana na Konrad von Jungingen, mkuu wa chama cha watawa wapiganaji wa Kijerumani, kutafuta amani. Vita kuu kati yao na Polandi vilianza mwaka 1409, yeye ameshakufa.

Sisi tulioshika chaki miaka mingi twapenda zaidi habari ya chuo. Mfalme Kazimierz alikianzisha Kraków mwaka 1364, kisha kikafifia. Jadwiga alimwomba Papa Boniface IX ruhusa ya kufundisha theolojia hapo, akaipata mwaka 1397. Tarehe 22 Juni 1399 alijifungua mtoto wake wa pekee, Elżbieta Bonifacia. Mtoto aliishi wiki tatu tu. Mama akamfuata baada ya siku nne, tarehe 17 Julai. Katika wosia aliviacha vito vyake kwa ajili ya chuo na maskini. Kaburini mwake ilikutwa fimbo ya kifalme ya mti.

Chuo kilifunguliwa upya mwaka 1400. Karibu miaka 90 baadaye alisoma humo Nicolaus Copernicus, aliyetufundisha kwamba dunia hulizunguka jua. Siku hizi chaitwa Chuo Kikuu cha Jagiellonia, kwa jina la ukoo wa mume. Kanisa Katoliki lilimtangaza Jadwiga mtakatifu mwaka 1997.

Wako akina mama parokiani mwetu waliojinyima ili watoto wasome, na majina yao hayakuandikwa ukutani. Tuwakumbuke katika sala zetu, na binti zao tuwaache wamalize shule.