Mwenyeheri Anne-Marie Javouhey: Mama Aliyetamani Mapadre Waafrika

Anne-Marie Javouhey alizaliwa tarehe 10 Novemba 1779 katika kijiji cha Jallanges, nchini Ufaransa, binti wa mkulima. Wakati wa Mapinduzi, Kanisa lilipodhulumiwa, aliwasaidia mapadre waliojificha na kuwafundisha watoto katekisimu. Masimulizi ya shirika lake yanaeleza kwamba mwaka 1800, akiwa Besançon, aliona katika maono watoto wa rangi mbalimbali, asijue ni wa nchi gani.

Mwaka 1807 alianzisha shirika la watawa, linalojulikana leo kama Masista wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny. Mwaka 1819 masista wake walifika Senegal, na mwaka 1822 yeye mwenyewe akavuka bahari kuwafuata. Aliendelea hadi Gambia na Sierra Leone, akiwauguza wagonjwa mpaka naye akaugua.

Katika pwani ambazo wageni wengi walizijia kwa ajili ya biashara, hata ile ya watumwa, Mama Javouhey aliwaona watu wenye akili na moyo wa ibada. Akasadiki kwamba Waafrika wanapaswa kuhubiriwa Injili na mapadre wa damu yao. Akawapeleka vijana wa Senegal kusoma Ufaransa. Baadhi yao walifia ugenini kwa maradhi. Lakini mwaka 1840 watatu walipewa daraja takatifu ya upadre: David Boilat, Arsène Fridoil na Jean-Pierre Moussa.

Kuanzia mwaka 1836, huko Mana, Guyana ya Kifaransa, alikabidhiwa Waafrika wapatao 500 waliookolewa kutoka meli za watumwa. Aliwaandaa kwa maisha ya uhuru, jambo lililowaudhi wenye mashamba. Msalaba mzito zaidi ulitoka ndani ya Kanisa: kwa sababu ya mvutano na askofu wa Autun juu ya uongozi wa shirika, alinyimwa sakramenti huko Guyana kwa takriban miaka miwili. Alivumilia, wala hakuiacha kazi yake.

Alifariki dunia Paris tarehe 15 Julai 1851. Papa Pio XII alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1950.

Mpendwa msomaji, leo tunapokea Komunyo Takatifu kutoka mikononi mwa mapadre waliozaliwa katika vijiji vyetu, na tumelizoea jambo hilo. Mama huyu alilitamani tangu zamani, naye alionja uchungu wa kuikosa Ekaristi. Tuwaombee mapadre wetu, na tuwalee watoto wetu ili wausikie wito wa Mungu.