Al-Jazari: Fundi Aliyeanzia Walipofikia Wenziwe

Wako watu wadhanio ya kuwa chombo kipya huzuka siku moja katika akili ya mtu mmoja, kisha walimwengu wakakipokea kama kilivyo. Tarikhi ya ufundi haishuhudii hivyo. Kila chombo tukitumiacho kina wazee wake, na kila fundi aliyesifiwa alikuta kazi iliyokwisha anzwa na wengine. Kwa ajili hii tumependa kuwaeleza ndugu zetu wasomaji khabari za Badii az-Zaman Abu al-Izz Ismail bin ar-Razzaz al-Jazari, kwani maisha yake ni ushahidi ulio wazi wa jambo hili.

Nisba yake yatokana na Al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati upande wa juu. Mwaka aliozaliwa haukuhifadhiwa. Lijulikanalo ni kwamba alikuwa mhandisi wa wafalme wa ukoo wa Artuki katika mji wa Amid, ambao leo waitwa Diyarbakır katika nchi ya Uturuki. Alimtumikia baba, kisha mwana, kisha mwana wa pili, Nasir ad-Din Mahmud. Na utumishi wake haukupungua miaka 25. Hakuwa mwanachuoni wa kukaa na vitabu peke yake. Alikuwa mtu wa kiwandani, ajuaye kuyeyusha shaba na kuchonga mbao.

Nasir ad-Din alipoona vyombo vya fundi wake, alikhofu ya kuwa maarifa yale yangepotea pamoja na mwenyewe, akamwamuru ayaandike. Hapo ndipo kilipotungwa kitabu chake cha maarifa ya hila za kihandasi, kilichomalizika mwanzoni mwa mwaka 1206. Ndani yake mna vyombo 50 katika mafungu sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo vya vinywaji, vya kunawia na vya kupimia damu itolewayo katika kuumika, chemchemi za kurusha maji, mashine za kupandisha maji, na vitu vingine mbalimbali.

Hata hivyo twaona ubora wa kitabu hiki hauko katika wingi wa vyombo, bali katika namna mtungaji alivyokabiliana na waliomtangulia. Aliwataja kwa heshima, lakini hakuwafuata kwa upofu. Kwake yeye, elimu ya ufundi ambayo haijajaribiwa kwa mikono hubaki baina ya kweli na shaka.

Tutazame mfano wa saa. Ilikuwapo risala iliyonasibishwa kwa Archimedes wa Wayunani juu ya saa ya maji. Ugumu wake ulikuwa huu: watu wa zamani waligawanya mchana sehemu 12, ukiwa mrefu au mfupi, basi saa ya siku za joto ilikuwa ndefu kuliko saa ya siku za baridi. Ilipasa maji yapunguzwe au yaongezwe kwa kufuata majira ya mwaka, na watangulizi waliweka duara lenye alama kwa kazi hiyo. Al-Jazari alizijaribu alama zao akaziona hazisemi kweli. Hakuzitupa, wala hakuzinakili. Alikaa akipima maji, burji baada ya burji, hata akapata alama zake mwenyewe.

Mfano wa pili ni chemchemi. Ndugu watatu wa Baghdad walioitwa Banu Musa, waliokuwako katika karne ya tisa, waliandika kitabu mashuhuri cha hila, na ndani yake mna chemchemi zibadilishazo umbo la maji yake. Al-Jazari aliona ya kuwa mabadiliko yale yalikuja upesi mno, hata mtazamaji hakuweza kuyatambua vema. Akaweka ndoo za kupinduka, zijazwazo polepole kwa muda uliopimwa. Zikijaa hupinduka na kuyageuzia maji njia nyingine.

Katika saa yake ya tembo alitumia bakuli lenye tundu lizamalo majini kwa muda maalumu, kipimo kilichojulikana zamani katika Bara Hindi. Lakini pale palihitajika mtu wa kukaa na kulitazama. Yeye alilificha katika tumbo la tembo. Kila nusu saa likizama huvuta kamba, tufe likaanguka kinywani mwa joka, joka likainama, na uzito wake ukalinyanyua bakuli kuanza upya.

Ama mashine zake za maji, iliyo kuu ni ya tano. Ktesibios wa Iskandaria, karne ya tatu kabla ya Masihi, alikwisha unda pampu ya mitungi miwili iliyosukumwa kwa mikono. Al-Jazari aliilaza mitungi ikaelekeana, akaipa mabomba ya kuvuta maji kutoka chini, na kazi ya mikono akaukabidhi mto. Mto huzungusha gurudumu. Juu ya gurudumu la meno amesimamisha kijiti, si katikati bali kando, nacho huipeleka fimbo huku na huku. Mtungi mmoja ukivuta, wa pili wasukuma.

Jambo hili la kugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi laonekana dogo, nalo ni kubwa. Taqi ad-Din, aliyezaliwa Dameski, aliandika mwaka 1551 juu ya pampu ya mitungi sita iendeshwayo na gurudumu la maji. Na katika karne ya 18 mafundi wa Uingereza walitaka kinyume chake: mwendo wa pistoni ya mvuke uzungushe gurudumu. Hatudai ya kuwa Waingereza walikisoma kitabu cha Al-Jazari, kwani hapana ushahidi. Wenye kudai kila kitu kwa fakhari ya wazee wamkosea fundi huyu sawasawa na wale wasemao ya kuwa watu wetu hawakuunda kitu. Yeye mwenyewe hakudai kisichokuwa chake.

Al-Jazari alifariki mwaka huo huo wa 1206, kitabu kikiwa kimekwisha. Ndani yake hakuficha siri ya kazi: alieleza vipimo, akachora picha, akaonyesha jinsi ya kuunda mfano wa karatasi kabla ya kukata shaba, na jinsi ya kusugua vali hata zisivujishe maji. Ni mafundi wangapi waliozikwa na ujuzi wao kwa khofu ya kushindwa na wanafunzi! Mwaka 1974 Donald Hill alikifasiri kitabu hiki kwa Kiingereza, na mwaka 1976 saa yake moja kubwa iliundwa upya London kwa kufuata maelezo yake, nayo ikafanya kazi. Mkono uliokuwa umelala kaburini miaka 770 ulimfundisha fundi aliye hai.

Basi atakaye kumheshimu Al-Jazari asitosheke na kulisifu jina lake. Na akipime alichorithi, akitengeneze penye kasoro, kisha akiandike kwa ajili ya atakayemfuata.