Notorious B.I.G: Msimu wa pili ambao mwenyewe hakuuona

MACHI 12, 2017, timu ya kikapu ya Brooklyn Nets ilipandisha bango la namba 72 kwenye dari ya uwanja wake, Barclays Center. Mwenye namba hiyo hakuwahi kuichezea Nets hata dakika moja. Huo ni mwaka aliozaliwa Christopher Wallace, rapa ambaye dunia inamjua kama Notorious B.I.G, au Biggie tu.

Straika akifunga mabao 20 msimu wa kwanza, kila mtu anamshangilia. Msimu wa pili ndio unaomhukumu, maana mabeki wameshamsoma. Kwa rapa, msimu wa pili ni albamu ya pili. Biggie aliupasua mtihani huo, ila matokeo yalipotoka alikuwa ameshafariki.

Alizaliwa Mei 21, 1972 Brooklyn, New York, mtoto pekee wa Voletta Wallace, mwalimu wa watoto wadogo aliyehamia Marekani akitokea Jamaica. Baba aliondoka jamaa akiwa na miaka miwili.

Darasani kichwa kilikuwepo, hasa kwenye Kiingereza, lakini mtaa ukamvuta. Akaanza kuuza dawa za kulevya angali mdogo, akaacha shule akiwa na miaka 17, na mwaka 1991 akadakwa North Carolina na kusota ndani miezi tisa.

Alipotoka alirekodi kanda ya majaribio. Jarida la The Source likamtaja mwaka 1992 miongoni mwa wakali wasio na mkataba, na kanda ikamfikia Sean Combs, aliyekuja kumsajili kwenye lebo yake ya Bad Boy. Septemba 13, 1994 ikatoka Ready to Die. Wakati huo hip hop ilitawaliwa na kina Dr. Dre na Snoop Dogg wa California. Biggie akairudisha New York mchezoni.

Miezi miwili baadaye mambo yakaharibika. Tupac Shakur, aliyekuwa rafiki yake, alipigwa risasi kwenye lango la studio moja jijini New York. Alinusurika, akaamini Biggie na wenzake walijua kitu. Biggie alikana. Septemba 1996 Tupac alipigwa tena risasi, safari hii Las Vegas, na kufariki.

Katikati ya presha hiyo ndipo Biggie alipokuwa akipika albamu ya pili. Mwaka huo huo alipata ajali ya gari, akavunjika mguu na kuanza kutembea na fimbo. Kazi haikusimama. Mistari alikuwa haandiki kwenye karatasi. Alikaa kimya studio, akaipanga kichwani, kisha akasogelea maiki.

Kilichotoka ni Life After Death, nyimbo 24 kwenye diski mbili. Humo alibadilika kama kiungo anayecheza namba zote. Alichana kwa kasi na Bone Thugs-N-Harmony wa Cleveland, akapanda midundo migumu ya DJ Premier, na kwenye Mo Money Mo Problems akachezesha watu disko kwa mdundo uliochotwa kwa Diana Ross.

Februari 1997 alisafiri hadi Los Angeles, ngome ya mahasimu, kuitangaza albamu na kushuti video ya Hypnotize. Usiku wa Machi 9, akitoka kwenye sherehe, gari lake lilisimama kwenye taa nyekundu. Gari jingine likaja ubavuni na risasi zikamiminika. Nne zilimpata. Alikuwa na miaka 24.

Albamu iliingia sokoni Machi 25, siku 16 baadaye, ikapanda hadi namba moja Marekani. Hypnotize na Mo Money Mo Problems nazo zikashika namba moja. Mwaka 2000 albamu ikapewa hadhi ya Almasi, mauzo milioni 10, kwa hesabu inayochukulia kila kopi ya diski mbili kuwa mauzo mawili.

Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Mama yake alilinda jina la mwanawe hadi alipofariki Februari 2025. Biggie aliacha watoto wawili, wa kike akiwa na miaka mitatu na wa kiume miezi minne tu.