Paul Mauser: Kifunga mimba aliyetengeneza bolti ambayo wapiga shabaha bado wanaiaminia

Ukikaa na wasee wanaopenda kupiga shabaha za mbali, story yao kubwa huwa darubini. Gani ina kioo safi, gani bei yake inatosha kununua ploti Kitengela. Baadaye ndio wanafikia mtutu. Lakini fundi mzee atakwambia uanze na bolti, yaani kile kikomeo unachosukuma mbele na kukigeuza chini kabla ya kufyatua. Na ukianzia hapo, mapema sana utakutana na jina Mauser.

Paul Mauser alizaliwa 27 Juni 1838 Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar, kusini mwa Ujerumani. Kwao walikuwa watoto 13 na yeye ndiye kifunga mimba. Buda yake alikuwa fundi kwenye kiwanda cha bunduki cha mfalme wa Württemberg, kilichokuwa ndani ya majengo ya zamani ya watawa. Paul akaingia kazi hapo akiwa na miaka 12. Bro yake Wilhelm, aliyemzidi miaka minne, alikuwa mtu wa kuuza maneno na kutafuta soko. Paul ndiye alikuwa na mikono.

Mwaka wa 1859 aliitwa jeshini, akawekwa kwa mizinga. Aliporudi alishika bunduki iliyokuwa fahari ya Waprussia siku hizo, ile ya sindano. Ilikuwa na shida mbili. Ulilazimika kuikoki kivyake kabla ya kufungua bolti, na moshi moto ulivuja nyuma karibu na uso wa mpigaji. Paul akatengeneza bolti inayojikoki yenyewe ukiigeuza, na baadaye akaipangia risasi za ganda la chuma. Ganda likishapanuka ndani ya chemba, moshi haupati njia ya kutoka.

Sasa hapa ndio mambo yalianza kuwa ngori. Mmarekani mmoja, Samuel Norris, aliwapeleka Liège, Ubelgiji, akiahidi kulipia kazi yao. Hataza ya Marekani ya 1868 ikaandikwa kwa majina ya watu watatu, ndugu wawili na Norris. Doh ikakauka. Paul akarudi Oberndorf akiwa ameishiwa, huku Wilhelm akiendelea kubisha milango ya wakubwa wa jeshi la Prussia. Hatimaye bunduki yao ikakubaliwa, ile inayoitwa Modeli 1871. Ungedhani wameomoka, sivyo? Oda kubwa zilienda kwa viwanda vya serikali, wao wakaanza na kutengeneza vilengeo tu. Mwaka wa 1873 kiwanda chao kipya kikashika moto. Wakajenga tena, na 1874, wakishikwa mkono na benki, wakanunua kile kiwanda cha mfalme walichofanyia kazi wakiwa vijana.

Wilhelm alifariki Januari 1882, hata miaka 50 hajafika. Miaka mitano baadaye kampuni ikaangukia mikononi mwa Ludwig Loewe wa Berlin. Paul akabaki kwenye meza yake ya ufundi.

Na kwa maoni yangu, hapo ndipo alipiga kazi yake noma zaidi. Wafaransa walikuwa wametoa bunduki ya baruti isiyo na moshi 1886, yenye nguvu kushinda zote za zamani. Bolti ya 1871 ilijifunga kwa sehemu ya nyuma, karibu na mkono wake. Paul akahamisha kazi hiyo mbele kabisa: meno mawili kwenye ncha ya bolti, yanayoshika chuma pale pale nyuma ya risasi. Bunduki aliyowauzia Wabelgiji, ya 1889, ilikuwa na hayo. Makaburu wakatumia nyingine ya ukoo huo kuwasumbua Waingereza Afrika Kusini. Halafu 1898 ikaja ile yenye jino la tatu la usalama nyuma, na matundu ya kutolea moshi kando ganda likipasuka.

Kwa mpiga shabaha, maana yake ni hii. Bolti ikifungwa mbele, chuma kinachobeba mshtuko ni kifupi, hakinyumbuki sana, na kila risasi inakaa karibu vilevile na iliyotangulia. Kwa mita 900 na kitu, tofauti ndogo pale nyuma inakuwa kubwa kule mbele. Ndio maana ukichagua, usiulize tu bei. Angalia kama meno yote mawili yanagusa sawasawa, kwa sababu jino moja likibeba mzigo peke yake, bunduki itakuchezea. Angalia pia triga. Ile ya kijeshi ya Mauser ni ndefu na nzito, wengi huibadilisha. Na kama unapakia risasi moja moja, chagua mwili usiotobolewa chini kwa ajili ya magazini, hauyumbi kirahisi. (Kwetu Kenya hayo yote yanakuja baada ya leseni ya Firearms Licensing Board, usijaribu njia ya mkato.)

Marekani wenyewe walikopi ufundi huo kwenye Springfield ya 1903, ikabidi walipe $200,000. Springfield hiyo ndiyo iliyotawala mashindano ya Camp Perry, Ohio, ambako wasee hulenga hadi yadi 1,000.

Lakini Paul hakutaka kuishia kwa bolti. Alikuwa akihangaika na bunduki inayojipakia yenyewe, na mwaka wa 1901 jaribio moja likaenda vibaya. Akapoteza jicho la kushoto. Wakati huo alikuwa pia mbunge huko Berlin. Mwaka wa 1912 mfalme alimpa cheo cha ukabaila. Majeshi yalikuja kuhamia bunduki za kujipakia baadaye sana. Bolti ikabaki kwa wawindaji na wapiga shabaha.

Alifariki 29 Mei 1914 akiwa na miaka 75. Vita Kuu ilianza miezi miwili baadaye, na Novemba ikafika Tanga. Waingereza walileta wanajeshi kama 8,000 kutoka India. Askari wa Kijerumani walikuwa kama 1,000, na wengi wao bado walibeba ile Modeli 1871 ya baruti nyeusi. Kila mmoja akifyatua, wingu la moshi lilipanda juu ya minazi na kuonyesha alipojificha. Na bado wakashinda.